Nani Alifungua Kamba? Mlinzi, dereva na uwanja wa ghala

Video yenyewe haifiki dakika mbili, na kama video zote za aina hii, inaanza pasipostahili kuanzia. Ni usiku, uwanja wa ghala, lori limesimama kando ya ukuta huku injini inanguruma. Mlinzi ameshafungua mlango wa kabini na anamvuta dereva kwa ukosi wa koti. Dereva ameng'ang'ania usukani na anapiga kelele kwamba saa zake zimeisha. Halafu dawa ya pilipili, halafu simu inaanguka, basi. Nilitumiwa mara tisa ndani ya siku mbili, na kila aliyenitumia alikuwa ameshatoa hukumu. Katika makundi ya madereva wetu huku Marekani, Wakongo wa Kentucky na Iowa, Wakenya wa Texas na Minnesota, Watanzania waliotawanyika kote, watu wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema mlinzi ni mfungua geti tu, hana mamlaka ya kumgusa mtu. Wa pili unasema pale ni mali ya watu, dereva aliambiwa aondoke, angeondoka. Sitaitaja ghala wala jimbo, kwa sababu ugomvi huu hauna mwenyewe: badilisha sare na rangi ya lori, utaukuta tena mwezi ujao mahali pengine.

Naona pande zote mbili zinajibu swali lisilo lenyewe. Mlinzi hakuwa na haki ya kutumia nguvu ile. Dereva naye hakuwa na haki ya kulala pale kwa sababu tu saa zake zimeisha. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na ukishayakubali yote mawili, hapo ndipo swali lenye maana linapojitokeza: saa za dereva zilikwenda wapi? Mara nyingi, nyingi kuliko tunavyosema hadharani, ziliishia palepale uwanjani, mikononi mwa mwenye uwanja huohuo aliyemtuma mlinzi kuja kumtoa.

Kwa ndugu walioko nyumbani wasiojua kazi hii inavyokwenda, nieleze kidogo. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamruhusu dereva wa lori kuendesha saa 11 tu, ndani ya dirisha la saa 14 tangu aanze kazi, kisha apumzike saa 10 mfululizo. Akiendesha saa 8 lazima akatize kwa nusu saa. Zamani mahesabu haya yaliandikwa kwenye daftari, na daftari, sote tunajua, lina huruma. Tangu Desemba 2017 kifaa cha kielektroniki, hiki kinachoitwa ELD, kimefungwa kwenye injini na hakina huruma hata kidogo. Jambo ambalo mtu wa nje halioni upesi ni lile dirisha la saa 14. Kwa kawaida halisimami ukiwa kwenye foleni, wala ukisubiri mlango wa kushushia, wala karani wa ghala akienda kula. Ukianza kazi saa kumi na moja alfajiri, ukafika ghalani saa mbili na ukashikiliwa hadi saa kumi jioni, umeendesha saa tatu tu, lakini kutwa nzima imeliwa. Ikifika saa moja usiku dirisha limefungwa. Tena umeliwa bure, kwa kuwa madereva wengi hulipwa kwa maili, na sheria ya kazi ya 1938 iliyowapa Wamarekani malipo ya saa za ziada iliwaacha madereva wa malori nje. Desturi ya biashara ni kwamba saa mbili za kwanza za kusubiri ni za bure kwa mwenye ghala. Baada ya hapo unadai, na kudai ni jambo moja, kulipwa ni jingine.

Sasa saa zimeisha, utalala wapi? Uchunguzi wa serikali kuu uliofanywa 2019 ulihesabu nafasi za maegesho ya malori zipatazo 313,000 nchi nzima, kati yake 40,000 hivi tu ndizo za umma, nyingine zote ni za vituo binafsi vya mafuta. Asilimia 98 ya madereva waliohojiwa walisema wanapata shida ya kupata maegesho salama. Taasisi ya utafiti ya wasafirishaji, ATRI, ilipima 2016 na kukuta dereva anapoteza wastani wa dakika 56 za kuendesha kila siku kwa kusimama mapema, akiogopa kwamba akisogea mbele atakosa nafasi. Ndiyo maana usiku unaona malori yamejipanga kwenye bega la barabara za kutokea, taa zikimulika, wenyewe wamelala humo. Hawakupenda.

Uchunguzi wa namna hii ulianza kwa sababu ya kifo. Machi 2009, dereva wa New York aitwaye Jason Rivenburg alikuwa amebeba maziwa kuelekea South Carolina. Alikaribia anakokwenda mapema kuliko muda aliopangiwa, akajua hatapokelewa, akasimama kwenye kituo cha mafuta kilichokufa zamani, kilomita 20 hivi kabla ya kufika. Akauawa ndani ya lori lake kwa dola 7. Mkewe, Hope, alikuwa mjamzito wa mapacha. Yeye na wenzake walipigania jambo hili hadi 2012, sheria yenye jina la mumewe, Jason's Law, ilipotiwa saini, ikaagiza maegesho yahesabiwe na ikaruhusu fedha za barabara zitumike kuyajenga. Wengi wetu tunaijua sheria hiyo kwa jina, lakini tunasahau sehemu ya kisa inayohusu mjadala wetu. Rivenburg alikuwa karibu kufika. Kilichokosekana ni uwanja wa kumpokea kabla ya saa yake.

Anayeijua barabara ya kwetu ataona ajabu hapa. Salgaa, kule Nakuru, haikuchorwa na mhandisi wa mipango miji. Malori yalisimama, mtu akaweka chai, mwingine chapati, mwingine gesti, ukawa mji. Makambako na Tunduma zina habari zao za namna hiyo. Sisemi kwetu ni peponi: foleni ya Malaba mwaka 2020, madereva wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, ilikuwa aibu, na lori likilala porini utingo ndiye mlinzi, mafuta yakinyonywa ni juu yake. Lakini kwetu lori likisimama watu huona mteja. Huku miji inashindana kuvuta maghala kwa sababu ya kodi na ajira, kisha baraza lilelile la mji linapitisha amri ya kuzuia malori kuegesha ndani ya mipaka yake. Wanataka mzigo, hawataki anayeuleta. Mlinzi wa getini ndiye anayesimama katikati ya mambo hayo mawili, kwa mshahara ambao haumtoshi hata kukodisha chumba mjini humo.

Twende basi kwa mlinzi. Wanaosema hana mamlaka yoyote wana sehemu ya ukweli. Katika majimbo mengi mlinzi wa kampuni binafsi ana uwezo uleule alionao mpita njia, na sare haimwongezei kitu. Kanuni ya zamani, ambayo mahakama za Marekani ziliirithi kwa Waingereza, inamruhusu mwenye ardhi au mtu wake kutumia nguvu ya kiasi kumtoa anayeingilia mali, lakini kwanza amwambie aondoke na ampe nafasi ya kuondoka, na nguvu hiyo isiwe ya kuweza kuua au kujeruhi vibaya. Nguvu ya kuua ni kwa ajili ya kulinda uhai. Hata Texas, ambako sheria ina mkono mwepesi kuliko kwingine, inaporuhusu nguvu ya kuua kwa ajili ya mali inataja mambo kama kuchoma moto, kuvunja nyumba, unyang'anyi, na wizi au uharibifu wa usiku. Kuegesha hakumo. California tangu 2023 imeweka somo la matumizi ya nguvu kuwa la lazima kwa kila anayetafuta kadi ya ulinzi, na hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba walioandika sheria waliona watu wanapewa dawa ya pilipili kabla ya kufundishwa lini wasiitumie.

Lakini anayewaambia vijana wetu "mlinzi hawezi kukufanya kitu" anawatia hatarini. Sheria hizi ni za majimbo, na hazifanani. South Carolina inampa mlinzi mwenye leseni uwezo wa kukamata kama wa sherifu, ndani ya eneo analolilinda tu. Virginia inampa mlinzi mwenye silaha aliyesajiliwa uwezo wa kukamata kwa kosa lililotendeka mbele yake katika eneo hilo. Dereva anavuka majimbo matano kwa juma. Mtu aliyekuwa mpita njia jana, leo anaweza kukufunga pingu kihalali. Bado kukamata si kupiga, na hata huko South Carolina hakuna aliyepewa ruhusa ya kumpulizia mtu dawa machoni akiwa ameshika usukani. Hapo ndipo upande wa kwanza unaposhinda hoja yake, na unashinda vizuri, ila kwa sababu tofauti na ile wanayoitoa. Mlinzi alikuwa na mamlaka fulani. Aliyavuka.

Sasa kwa dereva, na hapa najua nitawaudhi wenzangu. "Saa zangu zimeisha" ni maneno ya kweli yanayoambiwa mtu yasiyomhusu. Kanuni ya saa inamfunga dereva na kampuni yake. Haimpi mtu kiwanja. Mwenye ghala hakutia saini kifaa chako, na hakuna mahali sheria ya serikali kuu inaposema lori lenye saa zilizoisha linageuka mgeni wa lazima. Tena Mei 2018 mamlaka ya usalama wa malori, FMCSA, ilitoa mwongozo unaoruhusu dereva aliyemaliza kupakia au kushusha kuliondoa lori hadi mahali salama pa karibu, kwa matumizi binafsi, ili akapumzike. Wengi wetu tunauita PC na tunautumia kila juma. Wengine hawaujui, na wengine kampuni zao zimewakataza kwa maandishi, kwa kuwa kampuni inaruhusiwa kuwa kali kuliko sheria. Aliyekatazwa na bosi wake ana ugomvi na bosi wake. Vilevile wapo wanaotaja kanuni ya 2016 inayokataza mwenye mzigo au mpokeaji kumlazimisha dereva avunje sheria. Ni kanuni nzuri, lakini isomeni: inazungumzia tishio la kunyimwa kazi au biashara, si tishio la kuitiwa brekdauni.

Hapo mabishano huwa yanakwama. Mmoja anasema mali, mwingine anasema usalama, na kila mmoja ana kifungu. Mimi nimeona mwanga kidogo mahali ambapo sikutarajia, katika kesi ya mashua.

Novemba 1904 mtu aitwaye Ploof alikuwa akisafiri kwa mashua ya tanga katika Ziwa Champlain, pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Dhoruba ikawakuta ghafla. Karibu yao palikuwa na kisiwa chenye gati la mtu mmoja aitwaye Putnam, wakajifunga hapo. Mtumishi wa Putnam akaja, akaifungua kamba. Upepo ukaitupa mashua ufukweni ikavunjika na vyote vilivyokuwamo, na familia ikajeruhiwa. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Vermont iliamua kwamba mwenye gati anaweza kudaiwa kwa kilichotendwa na mtumishi wake: katika hali ya dharura inayotishia uhai, kuingia kwenye mali ya mtu si kosa, na kumfukuza aliyeingia kwa dharura ndilo kosa. Manahodha wa Lamu na Pemba hawahitaji jaji awaambie hilo. Jahazi likikimbilia hori kwa ajili ya upepo haliulizwi hori ni la nani. Miaka miwili baadaye mahakama ya Minnesota ikaongeza upande wa pili. Meli ilibaki imefungwa gatini Duluth wakati wa dhoruba, ikaligongagonga gati hadi likaharibika. Wenye meli walikuwa na haki ya kubaki, mahakama ikasema, lakini wamlipe mwenye gati dola 500 za uharibifu. Ukiziunganisha kesi hizo mbili unapata jambo ambalo kwenye makundi yetu halisemwi: mwenye dharura abaki, na alipe. Usimfungue kamba, mpelekee bili.

Je, uchovu ni dhoruba? Hapa ndipo pagumu, na sitaki kulirahisisha. Anayepinga atasema dhoruba ilimshukia Ploof bila taarifa, wakati saa za dereva zinaonekana kwenye kioo zikipungua tangu asubuhi. Dereva mwenye akili hupanga. Anajua atakapokwama, anatafuta nafasi mapema, analipia kituoni ashikiwe nafasi ikibidi. Hoja hii ina nguvu, na katika visa vingi inamaliza maneno. Dereva aliyetoka mbali, akaacha vituo vitatu nyuma kwa tamaa ya maili, kisha akaingia uwanja wa mtu saa nane usiku bila mzigo wa hapo, huyo hana dhoruba. Ana ukaidi, na akiitiwa brekdauni nitamwonea huruma lakini sitamtetea.

Ila huyo siye dereva tunayembishania mara nyingi. Tubadilishe kidogo kisa cha ziwani. Tuseme Ploof alifika gatini asubuhi, maji shwari, kwa miadi, akiwa na mzigo wa Putnam mwenyewe. Putnam hana vibarua wa kutosha kwa sababu amepunguza watu ili kubana gharama. Anamwambia subiri. Mchana unapita. Ploof hawezi kuondoka kwa kuwa mzigo ni wa Putnam na akiondoka nao ni kesi nyingine. Jioni mzigo unashushwa, upepo umeshageuka, mawimbi yameinuka, ndipo mtumishi anatumwa: toa mashua yako kwenye gati letu. Sidhani kuna mzee yeyote wa pwani angesikiliza kisa hicho akakiita ugomvi wa maegesho. Putnam hakuileta dhoruba, lakini ndiye aliyemshikilia mtu hadi imkute, na alipata faida kwa kumshikilia. Hoja hii ni yangu, sikuiazima kwa jaji, na wakili mzuri wa mwenye ghala ataitoboa mahali fulani: atasema uchovu hauvunji mashua palepale. Hapo nitamjibu kwamba kanuni hizohizo za serikali zinakataza dereva aliyechoka kushika usukani, na zinaikataza kampuni yake kumruhusu. Mkaguzi mkuu wa Wizara ya Uchukuzi alichunguza jambo hili na kutoa ripoti 2018: kila dakika 15 zinazoongezeka kwenye muda wa wastani wa lori kukaa ghalani zinaenda sambamba na ongezeko la asilimia 6.2 la kiwango cha ajali. Mashua inavunjika. Inavunjikia barabarani tu, maili kadhaa kutoka gatini, na aliyemo ni mtu mwingine.

Katika hoja zote nilizosoma, dhaifu kuliko zote ni hii: "Angetii tu, yasingemkuta." Inasemwa na madereva wenyewe, tena wazee wa kazi, kwa sauti ya hekima. Kwanza inachanganya ushauri na hukumu. Kumwambia mwanangu asibishane na mtu mwenye silaha ni ushauri mzuri, na nitampa. Lakini ushauri huo hausemi kitu juu ya nani alitenda kosa. Anayeshauriwa kufunga mlango usiku hajaambiwa kwamba mwizi ana haki. Pili, inadhani kutii kulikuwa na mahali pa kwenda. Wapi? Vituo vimejaa tangu saa moja jioni. Bega la barabara ni faini, na ni hatari. Kiwanja cha jirani kina mlinzi wake. Ukimwambia mtu "ondoka" bila kuwepo "pa kwenda", umemwambia aende akavunje sheria mahali ambapo hutamwona. Na tatu, utii wa dereva haupunguzi wala kuongeza kipimo cha nguvu. Mtu anayekataa kuondoka maegeshoni ana dawa zake mbili zinazojulikana, polisi na brekdauni, na zote mbili zinauma mfuko vya kutosha. Hakuna iliyohitaji ukosi wa koti.

Mwenye ghala ana hoja ambazo lazima zisemwe, na wenzangu hawapendi kuzisikia. Wizi wa mizigo ni biashara kubwa sasa, na lori lisilojulikana uwanjani usiku ni sababu halali ya wasiwasi. Bima yake inaweza kumkatalia wageni wa kulala. Mtu akiteleza kwenye barafu akavunjika kiuno, wakili atafika kabla ya gari la wagonjwa. Na uchafu: tunaacha chupa za mkojo kando ya ukuta, jamani, tunaziacha, na anayeziokota asubuhi ni mfanyakazi mwenzetu, mara nyingi mhamiaji mwenzetu. Dereva anayetaka heshima ya mgeni aondoke kama mgeni. Hata hivyo hoja hizi zote zinahusu namna ya kupokea lori usiku: andika namba, chukua leseni, toza dola 20, weka choo cha kukodi pembeni. Hakuna hata moja inayoeleza kwa nini lori lililoshikiliwa humo mchana kwa muda wa saa nane lionekane hatari likikaa usiku kwa muda wa saa kumi.

Nilipoendesha, miaka minne kabla ya kuhamia kwenye kazi ya kupanga mizigo, nilishikiliwa kwenye ghala moja la vyakula toka asubuhi hadi giza likaingia. Mlinzi alikuwa mzee, anachechemea. Alikuja na tochi, akasoma kwa sauti karatasi aliyopewa na kampuni yake, kwamba hakuna lori kulala, kisha akaikunja akaitia mfukoni. Akanionyesha pembe nyuma ya mapipa ya taka na kusema zamu yake inaisha saa kumi na moja alfajiri, anayekuja hana masikhara. Saa kumi na nusu nilikuwa barabarani. Nimemkumbuka sana majuma haya. Aliweza kufanya vile kwa kuwa ile karatasi ilikuwa mkononi mwake peke yake. Leo kamera inamwangalia yeye kuliko inavyomwangalia mwizi, na mwenye ghala anapokea ripoti ya kila lori lililobaki uwanjani. Mlinzi akitumia busara anaandikiwa onyo. Akitumia nguvu, mpaka video itoke, anaonekana mchapakazi.

Kwa madereva wetu jambo hili lina ncha ya ziada. Amri ya rais ya Aprili 2025 imefufua ukaguzi wa Kiingereza, na tangu Juni 25 ya mwaka huo dereva anayeshindwa kujieleza mbele ya mkaguzi huzuiwa kuendesha palepale. Wengi wa vijana waliokulia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma wanasoma vibao vyote vya barabarani bila tabu, lakini mtu akiwafokea usiku wa manane kupitia kioo, Kiingereza kinakimbia na Kiswahili kinajaa kinywani. Mlinzi anaona ukaidi, wakati mtu anatafuta neno. Polisi akiitwa, mazungumzo yaliyoanzia kwenye maegesho huenda yasiishie hapo. Kwa hiyo ule ushauri wa wazee nauchukua, ila nauongezea kitu. Usifungue mlango kubishana. Zungumza kupitia kioo kilichoshushwa kidogo. Omba polisi waitwe, wewe mwenyewe, kabla yeye hajaomba. Na tangu unapoingia getini piga picha ya karatasi yenye saa ya kuingia, piga nyingine ya saa ya kushushiwa, uzitume kwa anayekupangia mizigo. Video ya vurugu inaonyesha nani alimshika nani. Karatasi mbili za getini zinaonyesha nani alifungua kamba.

Karatasi hizo ndizo pia zingefaa kuwa msingi wa sheria, kama kuna mbunge anataka jambo dogo linalowezekana. Mpokeaji akimshikilia dereva kupita zile saa mbili za desturi, na saa za dereva zikaisha kwa sababu hiyo, basi uwanja wake uwe kitanda cha dereva huyo kwa usiku huo, kwa ada inayojulikana, na brekdauni isiruhusiwe kuitwa. Haihitaji kujenga chochote. Wenye maghala watapiga kelele, halafu watafanya walichoshindwa kufanya miaka yote, yaani kushusha mizigo kwa wakati.

Kwa sasa tumechagua njia ya zege. Januari 2024 jimbo la Florida lilipewa ruzuku ya dola milioni 180 kujenga nafasi 917 za malori kandokando ya barabara ya I-4, ambayo ukigawa ni takriban dola 196,000 kwa nafasi moja ya kulaza lori. Sizikatai, zijengwe, tumezisubiri tangu Rivenburg auawe. Lakini nikipita usiku kwenye mitaa ya maghala ninayopangia mizigo, naona viwanja vya lami safi, vimechorwa mistari, vimewekewa taa na uzio, nafasi hamsini, sitini, tupu hadi asubuhi. Na getini ameketi mtu mmoja kwenye kibanda, analipwa ili zibaki tupu.